Kaka, Kulungu Si Wako Hata Ukinunua Pori

Jamani, nimekuwa kimya wiki mbili. Si uvivu, na mhariri wangu hajanifukuza (bado). Nilikuwa kwenye vita ya familia. Na kwa kuwa mwenzangu amekwishatangaza kwenye kundi la simu la ukoo kwamba "dogo ana wivu", naona nami nijibu hapa, mahali ninapoweza kusema mpaka nimalize bila kukatizwa na shangazi anayetuma picha za maua ya asubuhi njema.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Unyamwezini mwaka wa 11 sasa, jimbo la Wisconsin. Alianza kwa kubeba boksi kama wengi, leo ni fundi wa mitambo kiwandani na analipwa vizuri. Misimu miwili iliyopita wenzake wa kazini walimchukua kwenda kuwinda kulungu. Akanogewa. Sasa anataka ardhi yake mwenyewe ya kuwindia: ekari 40 za pori, dola 180,000. Benki itamkopesha, ila atangulize dola 36,000, ambazo hana. Dawa aliyoiona ni kuuza kiwanja cha Kigamboni alichoacha babu.

Kiwanja hicho si chake. Ni cha mama yangu na mama mkubwa. Mama mkubwa anasitasita, maana mtoto ni mtoto. Mama yangu akanigeukia: "Wewe si umesoma? Lisome hilo jambo utuambie." Basi nimelisoma. Nimesoma sheria, nimesoma ramani, nimepiga simu usiku wa manane kwa sababu ya tofauti ya saa. Majibu ni haya, na kaka akisoma asinune.

Kwanza tukubaliane kuhusu mnyama mwenyewe. Kamusi zetu zinamwita kulungu, na Biblia ya Kiswahili ilimpa jina la ayala. Ukweli ni kwamba huku kwetu hayupo. Kulungu wetu wa vichakani ana pembe zilizojisokota kidogo na anakufa nazo. Yule wa Marekani, mwenye mkia mweupe kwa chini, dume lake hudondosha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine zenye matawi. Hayo matawi ndiyo chanzo cha ugomvi wote huu. Mimi nitamwita kulungu tu, mtanielewa.

Kaka alinitumia tangazo la dalali. Lina picha 22. Nimezihesabu: picha 9 ni za dume moja kubwa lililonaswa usiku na kamera iliyofungwa mtini, macho yanawaka kama taa za bajaji. Picha 6 ni za machweo. Moja ni ya kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa. Ramani ni moja, ndogo, haisomeki. Kodi ya ardhi ni kiasi gani? Hakuna. Jirani ni nani? Hakuna. Barabara inafika? Hakuna.

Kazi yangu gazetini ni kukaa kwenye mabenchi ya mabaraza ya ardhi nikiandika kesi za watu walioibiwa mchana kweupe. Huko nimejifunza jambo moja: muuzaji anayekuonyesha mti wa maembe badala ya bikoni ana sababu yake. Dalali wa Wisconsin anaonyesha pembe badala ya mpaka. Kazi ni ile ile, tofauti ni suti.

Tufanye hesabu. Wamarekani walianza kugawa ardhi yao kwa miraba kwa sheria ya mwaka 1785. Mraba mmoja una maili moja kila upande, sawa na ekari 640. Ukiugawa mara nne, kisha kila robo ukaigawa mara nne tena, unapata ekari 40. Ndiyo maana mapori ya kuwindia kule yanauzwa sana kwa kipimo hicho. Kila upande wa kipande ni robo maili, kama mita 400. Yaani ni sawa na kuzunguka uwanja wa riadha mara moja, umemaliza upande mmoja wa himaya yako.

Sasa kulungu. Mnyama huyu mmoja mzima hutembea eneo linaloweza kufika maili moja ya mraba, na Novemba, msimu wa kupandana, madume huenda mbali kuliko hapo. Ekari 40 ni sehemu moja kati ya 16 za mraba huo. Kulungu wa kaka atalala kwa kaka, atakula mahindi ya jirani wa kwanza, atakunywa kwa jirani wa pili, na atapigwa risasi na jirani wa tatu. Dume la kwenye picha? Leo liko kwenye friji la mtu.

Kwa hiyo anayechagua ardhi ya kuwindia kulungu hachagui kulungu. Anachagua mambo mengine kabisa, na nimeyapanga kwa faida ya kaka na kwa faida ya yeyote aliyeko huko mwenye ndoto kama hizo.

Njia. Vipo vipande Marekani ambavyo vimezungukwa na ardhi za watu pande zote. Ni vya bei rahisi na vina picha nzuri. Bila haki ya njia iliyoandikwa na kusajiliwa, ukitaka kwenda shambani kwako unaomba ruhusa kama mgeni. "Jirani hajawahi kukataa" siyo haki ya njia. Jirani anakufa, mwanawe anaweka mnyororo.

Upepo. Kulungu anaishi kwa pua. Kule Novemba upepo mara nyingi hutoka magharibi na kaskazini-magharibi. Kipande chenye barabara upande wa magharibi tu kina maana kwamba kila ukiingia, harufu yako inatangulia kama king'ora cha msafara wa waziri. Bora ardhi ya kuingilia mashariki, usogee upepo ukikupiga usoni. Katika picha 22 hakuna hata moja inayoonyesha upepo.

Chakula na maficho. Hapa ndipo watu wa mjini tunapotapeliwa. Msitu wa miti mirefu, mikubwa, chini pamefagiwa kama ua wa msikiti, unapendeza kwenye picha lakini kwa kulungu ni njaa. Yeye anataka vichaka, miti michanga inayochipua baada ya kukatwa, kingo za msitu zinazokutana na shamba, mialoni inayodondosha mbegu, soya ya mkulima wa jirani. Katika baridi kali ya kaskazini anajibanza kwenye vinamasi vyenye mierezi. Ardhi nzuri ya kulungu ni ardhi ambayo mama mkubwa angesema "hili pori mbona halijafyekwa?"

Majirani. Ukiwa na ekari 40, majirani ndio ardhi yako hasa. Wakipiga kila dume dogo linalopita, hutaona kubwa maisha yako yote. Nenda ukawasalimie kabla hujasaini. Huko hawana balozi wa nyumba kumi wa kukutambulisha.

Ugonjwa. Mwaka 2002 Wisconsin iligundua kulungu wake wana ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo, ambao ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna tiba wala chanjo. Chanzo chake ni protini iliyoharibika, na hiyo hubaki kwenye udongo kwa miaka. Soma tena: kwenye udongo. Hiyo ndiyo bidhaa anayotaka kununua kaka. Kusini-magharibi mwa jimbo yapo maeneo ambako zaidi ya theluthi ya madume wakubwa waliopimwa wamekutwa nao. Hadi leo hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama hiyo, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe. Dalali hajaandika kaunti ina wagonjwa au haina.

Kodi na mikataba. Wisconsin ina mpango wa misitu unaompunguzia kodi mwenye ardhi akikubali kuitunza kwa mkataba wa miaka 25 au 50. Ukinunua ardhi iliyomo ndani ya mpango, umenunua na mkataba. Ukitaka kujitoa katikati, unalipa. Na mwenye msitu anayekubali kuacha watu wengine waingie kuwinda hulipa kodi ndogo kuliko anayefunga. Kumbuka kipengele hicho, nitakirudia.

Nilimuuliza kaka maswali hayo sita. Jibu lake naliweka kama lilivyo: "Dogo, unafikiria sana." Dola 180,000 na mimi ndiye ninayefikiria sana!

Lakini hayo yote ni mambo ya mnunuzi makini, na mnunuzi makini anaweza kuyajibu. Hoja yangu kubwa iko chini ya hapo. Kaka anasema, na ameandika kwa herufi kubwa, anataka "KULUNGU WANGU KWENYE ARDHI YANGU". Kaka, hakuna kulungu wako. Sheria ya nchi unayoishi inasema hivyo, na ni moja ya sheria nzuri walizonazo.

Turudi nyuma kidogo. Uingereza, baada ya William kuivamia mwaka 1066, wafalme walijitengea misitu mizima kwa ajili ya kuwinda. Mtu wa kawaida aliyegusa kulungu wa mfalme alikuwa mashakani. Mpaka mwaka 1217 ndipo ukaandikwa Mkataba wa Misitu kupunguza ukali huo, na hata baada ya hapo mnyama aliendelea kufuata mwenye nguvu na mwenye shamba. Wamarekani walipojenga sheria zao waliikataa habari hiyo. Wakaweka msingi kwamba mnyama wa porini si wa mwenye ardhi. Ni wa wananchi wote wa jimbo, na serikali inamtunza kama mdhamini. Mahakama Kuu ya nchi ilisema maneno ya namna hiyo mwaka 1896. Ardhi unaweza kuwa nayo wewe, kulungu aliyesimama juu yake si wako mpaka uwe na leseni, msimu uwe wazi, na umpige kihalali.

Hawakuwa malaika. Kabla ya hapo walikuwa wamewinda kwa ajili ya soko mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 nchi nzima ikabaki na kulungu hawa nusu milioni au pungufu. Wakashtuka. Mwaka 1900 ikatungwa sheria ya kuzuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kuvuka mipaka ya majimbo. Mwaka 1937 ikaja nyingine iliyoelekeza kodi ya asilimia 11 ya bunduki ndefu na risasi kwenda kwenye uhifadhi wa wanyama na makazi yao. Mwindaji mwenyewe akawa mlipaji. Leo makadirio yanafika kulungu milioni 30. Hawakurudi kwa sababu kila mtu alinunua ekari 40. Walirudi kwa sababu walikuwa mali ya wote na wote wakabanwa na sheria moja.

Na huko huko Wisconsin ipo ardhi ya wote. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet peke yake ni zaidi ya ekari milioni moja na nusu. Misitu ya kaunti ni zaidi ya ekari milioni mbili nyingine. Ongeza na ile misitu ya watu binafsi niliyosema nitairudia, iliyofunguliwa kwa umma ili kodi ipungue. Leseni ya mkazi ya kulungu kwa bunduki ni dola zisizofika 30. Unavaa nguo ya rangi ya chungwa inayowaka (tangu 2016 hata ya waridi inaruhusiwa, kaka chagua), unaingia.

Yaani mama mkubwa auze kiwanja ili mwanawe akapate ekari 40, wakati serikali ya huko imeshamfungulia mamilioni kwa bei ya soli za viatu!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapokasirika kweli. Pesa inajaribu kuirudisha sheria ya mfalme kupitia mlango wa nyuma. Haiwezi kununua mnyama, basi inanunua mahali anaposimama na kufunga geti. Texas, ambako ardhi karibu yote ni ya watu binafsi, asiye na shamba analipa mwenye shamba ili aingie kuwinda mnyama ambaye kwa sheria ni wa wote. Wengine wanazungushia uzio mrefu kulungu asitoke.

Kisa cha Wyoming ndicho kilinifungua macho. Kule ardhi ya umma na ya watu binafsi zimepangwa kama ubao wa drafti, mraba wangu, mraba wako. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walivuka kutoka mraba wa umma kwenda mraba wa umma kwenye kona, kwa ngazi, bila kukanyaga ardhi ya mtu. Walikuwa wanafuata wapiti, ndugu mkubwa wa kulungu. Wakashtakiwa kwa kuingia bila ruhusa kwa sababu miili yao ilipita kwenye hewa ya tajiri! Wazee wa baraza waliwaachia mwaka 2022. Tajiri naye alikuwa amewafungulia madai ya mamilioni ya dola, hoja yake ikiwa kwamba kona zikipitika thamani ya shamba lake inashuka. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi wawindaji. Mmeiona hoja ya tajiri? Sehemu ya bei ya shamba ilikuwa ni kuwafungia wengine nje ya mali yao. Hiyo ndiyo biashara yenyewe ikivuliwa nguo.

Na tusisahau ardhi ya Wisconsin ilikuwa ya nani. Mwaka 1837 na 1842 Waojibwe walitia saini mikataba ya kuiachia serikali ya Marekani eneo kubwa la kaskazini, lakini walibakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuokota humo. Kwa zaidi ya miaka mia moja jimbo liliwakamata kana kwamba maneno hayo hayakuandikwa. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikasema haki yao ipo, haikufa. Walipokwenda kuvua kwa mikuki miaka ya mwisho ya 1980, walizomewa na kurushiwa mawe kwenye kingo za maziwa na majirani zao weupe. Wale wazee wa 1837 walielewa jambo ambalo kaka halielewi: udongo na mnyama ni vitu viwili, na unaweza kupokonywa kimoja ukang'ang'ania kingine.

Kuna jingine nalisema kwa sauti ya chini. Novemba 2004, Sawyer County, kaskazini mwa jimbo hilo hilo, mwindaji wa jamii ya Hmong, waliokimbilia Marekani kutoka Laos, alikutwa juu ya dungu la kuwindia ndani ya ardhi ya watu. Wakamfukuza, maneno yakazidi. Yeye alidai alitukanwa kwa asili yake. Akafyatua risasi. Watu 6 walikufa, 2 wakajeruhiwa, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakuna tusi linalohalalisha hayo. Januari 2007, Mhmong mwingine aliuawa na mwindaji mweupe, na hapo ilikuwa ardhi ya umma. Kaka, wewe ni mtu mweusi unayetaka kukaa porini na bunduki, katikati ya majirani usiowajua, kwenye kipande ambacho hujaona mpaka wake. Sisemi usiende, maana hofu isikupangie maisha. Nasema mpaka unaoununua unaleta na ulinzi wa mpaka. Siku ukimkuta mtu juu ya dungu lako utafanya nini? Umelifikiria hilo, au bado unaangalia pembe?

Mama yangu alinikumbusha la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Babu yetu, aliyenunua kiwanja cha Kigamboni kwa akiba ya kazi ya bandari, alizaliwa Handeni. Ujanani, wakati wa mkoloni, alifungwa miezi mitatu. Kosa lake? Alikutwa na mguu wa kulungu. Kulungu wetu, yule mwenye pembe za kudumu, aliyekuwa akila kunde za bibi. Wajerumani walianza kanuni za wanyama hapa mwaka 1896, Waingereza wakaendeleza na za kwao. Wale wale waliomtoa kulungu mikononi mwa maskini kwao wakaja kumtoa mikononi mwa maskini kwetu. Wenye leseni na bunduki waliitwa wawindaji. Babu mwenye mshale akaitwa jangili. Bwana nyama alimpeleka amefungwa kamba.

Leo sheria zetu zinasema maneno mazuri. Ya ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Ya wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama ni mali ya umma, Rais ni mdhamini. Ukiyasoma kwenye karatasi ni kama ya Marekani. Kisha nenda kijijini: tembo akila shamba lako unapewa kifuta jasho, akiua mtu wenu mnapewa kifuta machozi. Jasho na machozi ni ya kwetu, na kitalu cha uwindaji ni cha mwenye dola. Hilo nitaliandikia siku yake.

Sasa angalieni mzunguko huu. Mjukuu wa jangili anataka kuuza alichoacha jangili, ili akabandike kwenye mti wa Waojibwe kibao cha "Usiingie". Babu alifungwa na watu wa vibao hivyo hivyo!

Najua majibu yatakayokuja. "Ardhi ni uwekezaji." Sawa, na kiwanja cha Kigamboni ni nini, mchicha? Kimoja kimelipiwa na kina hati. Kingine kina mkopo, kodi kila mwaka na safari ya saa nne kutoka anakoishi. "Mnawaonea wivu walioko ughaibuni." Wivu wa nini, wa deni? "Mwanaume ana haki ya kutimiza ndoto yake." Anayo, kwa pesa yake. Ndoto inayohitaji mama yako asaini iite mkopo wa familia tuijadili hivyo.

Hoja moja ya kaka naiheshimu. Usiku mmoja, alipochoka kugombana, aliniambia kwamba miaka 11 amepanga nyumba za watu, na porini ile asubuhi ya kwanza, theluji chini, kimya, ndiyo mara ya kwanza alijisikia yuko mahali na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Nilinyamaza. Sina utani wa kuweka hapo. Lakini kaka, asubuhi ile ulikuwa kwenye msitu wa kaunti. Uliniambia mwenyewe. Ulijisikia nyumbani kwenye ardhi ambayo si ya mtu, kwa hiyo ni yako pia. Hukuhitaji hati.

Basi ripoti yangu kwa mama na mama mkubwa, kama nilivyotumwa, ni hii. Kiwanja kisiuzwe. Kaka akate leseni, amalize yale mafunzo ya uwindaji ambayo jimbo linamtaka mtu wa umri wake awe nayo, awinde msitu wa umma misimu mitano, ajue upepo na kinamasi kwa miguu yake. Akibaki na hamu, anunue kwa mshahara wake, aanze na njia na majirani, si pembe. Na akinunua, msitu auandikishe wa wazi, kodi ishuke, na mtoto wa jirani asiye na ekari hata moja aingie kumfuata kulungu ambaye ni wa wote.

Kikao cha familia ni Jumapili baada ya chakula. Kaka atakuwa kwenye simu, spika itawekwa juu ya kabati. Nitawapa taarifa.

Ni hayo kwa leo.